Baiskeli za umeme kwenye njia za vihamba: zipite au zisipite?

Swali: "Habari za kazi, mtaalamu. Naongoza wageni kwa baiskeli za mlimani upande wa Kibosho na Uru hapa Kilimanjaro, tunapita njia za vihamba, yale mashamba ya nyumbani ya migomba na kahawa, hadi karibu na msitu. Juzi bosi ameleta baiskeli nne za umeme. Mbili ni za kukanyaga, mota iko katikati pale kwenye pedeli. Mbili nyingine mota iko kwenye gurudumu la nyuma, zina resi mkononi kama bodaboda, na boksi limeandikwa wati 750. Wenzangu ninaoendesha nao Jumapili wamechachamaa. Wanasema hizi ni pikipiki, zitachimba njia na kutuharibia jina kijijini. Mwenyekiti wa kijiji alishasema pikipiki hazitakiwi kwenye njia ya mfereji, ila hizi hajaziona bado. Bosi naye anasema Ulaya zinapita kila mahali, hazina moshi wala kelele, tatizo liko wapi? Wageni wenye umri mkubwa wanazitaka sana. Nimebaki katikati. Ziruhusiwe au zisiruhusiwe? Na hifadhini naweza kupanda nazo?"

Ndugu yangu, nakuona ulivyobanwa: huku bosi anayekulipa, huku wenzako, na kule juu wenye njia yao. Nianze na msimamo wangu ili usisome yote haya ukiwa roho juu. Zile mbili za kukanyaga ningeziruhusu kwenye baadhi ya njia zenu, si zote, na kwa masharti. Zile mbili za resi nisingezipandisha kwenye njia ya vihamba hata siku moja. Wenzako wana hoja nzito, ila wameiweka pasipo pake, na bosi wako amesikia nusu ya habari za Ulaya.

Mnaziita zote nne "baiskeli za umeme" kana kwamba ni kitu kimoja, na ugomvi mwingi unazaliwa hapo. Ile ya kukanyaga ina kihisi kwenye mhimili wa pedeli kinachopima nguvu ya mguu wako. Ukikanyaga, mota inaongeza kiasi fulani juu ya nguvu yako. Ukiacha kukanyaga, mota inaacha. Zilizotengenezwa kwa kufuata sheria za Umoja wa Ulaya zina mota ya wati 250 kwa kazi ya mfululizo, na msaada unakatika mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa. Zaidi ya hapo ni miguu yako na mteremko tu. Ile ya resi haikuulizi chochote. Mtu anaweza kukaa ameweka miguu juu ya pedeli kama picha, akapanda mlima kwa kidole gumba. Hilo ndilo neno "pikipiki" wanalolitafuta wenzako, na kwa hizo mbili wako sahihi.

Usitegemee maandishi ya boksi. Ipeleke kila moja kwenye uwanja mtupu, iwashe, kaa juu yake na usikanyage. Bonyeza kila kitufe na kila kigingi kilichopo kwenye usukani. Ikiondoka yenyewe na kushika kasi, ina resi, hata kama muuzaji aliiita kwa jina zuri. Kuna kitu kimoja kinachochanganya watu hapa: baiskeli nyingi za kukanyaga zina kitufe cha kusaidia kuisukuma ukiwa umeshuka, na chenyewe hakizidi kilomita 6 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Hicho si resi, usikihesabu. Kisha panda ile ya kukanyaga kwenye barabara tambarare, kanyaga hadi uone mwendo unagonga 25, usikie kama mota inalegea. Kama inaendelea kukusukuma hadi 40, kuna mtu ameichezea programu yake, au ilitengenezwa kwa ajili ya lami. Kwa njia zenu hiyo nayo haifai.

Sasa hii habari ya "Ulaya zinapita kila mahali". Uingereza, kwa mfano, baiskeli ya umeme inayotimiza masharti ya wati 250 na kukata msaada karibu na kilomita 25 inahesabiwa kuwa baiskeli ya kawaida, kwa hiyo inapita zile njia zilizo wazi kwa farasi na baiskeli. Lakini kwenye njia za waenda kwa miguu baiskeli yoyote, ya umeme au ya jasho, haina haki ya kupita. Marekani wamegawa madaraja matatu: la kwanza ni la kukanyaga tu hadi kama kilomita 32 kwa saa, la pili lina resi na mwendo huohuo, la tatu ni la kukanyaga hadi kilomita 45. Pamoja na mgawanyo huo, Idara ya Misitu ya nchi hiyo bado inaziweka zote upande wa vyombo vya mota, kwa hiyo haziruhusiwi kwenye njia zisizo za mota mpaka njia husika itengwe rasmi kwa ajili yake. Wizara ya Mambo ya Ndani yao, ambayo ndiyo yenye mbuga za taifa, ilitoa agizo mwaka 2019 la kuzifungulia mlango, na uamuzi ukaishia mikononi mwa wasimamizi wa kila eneo. Mwambie bosi kwamba hata huko wanaulizana njia kwa njia.

Tuje kwenye udongo, maana hapa ndipo wenzako walipoegemea. Mwaka 2015 chama cha kimataifa cha waendesha baiskeli za mlimani, IMBA, kilipima jambo hili kwenye msitu wa magharibi ya Oregon, Marekani. Walipitisha baiskeli ya kawaida, ya umeme ya kukanyaga, na pikipiki, kisha wakapima udongo uliohamishwa. Kati ya baiskeli mbili hizo hawakukuta tofauti kubwa ya maana. Pikipiki ndiyo iliyochimba mbali zaidi. Kwa hiyo madai kwamba baiskeli ya kukanyaga yenye mota inachimba kama pikipiki hayasimami.

Lakini usikimbie na jibu hilo hadi Kibosho. Njia zile za Oregon zilichorwa kwa ajili ya baiskeli. Zinakata mlima kwa ubavu, zinapindapinda, na maji yanavuka njia badala ya kuifuata. Wachonga njia wana kanuni yao: mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu wa mlima inaopita, na kwa wastani usizidi asilimia 10. Njia zetu hakuna aliyezichora kwa kipimo hicho. Ni njia za miguu, zinapanda wima kati ya migomba na kahawa kwa sababu mtu wa miguu anataka kufika mapema. Mvua ikinyesha, njia yenyewe ndiyo inakuwa mfereji. Hapo, mgeni mzito akiweka mota kwenye nguvu ya juu kabisa na kukanyaga kwa pupa, gurudumu la nyuma linateleza, linasaga. Kiangazi linatoa lile vumbi jepesi la volkano, masika linachonga mstari kwenye tope, na mvua inayofuata inaingia kwenye mstari huo. Baiskeli ya kawaida nayo inaweza kuteleza, ila mwendeshaji wake angekuwa ameshashuka anasukuma.

Na kuna hesabu ambayo wenzako hawajaipiga. Hasara kwa njia haiji kwa aina ya chombo peke yake, inakuja pia kwa mara ngapi kinapita. Mtu aliyekuwa anapanda mara moja akachoka, mota itampandisha mara tatu kabla ya chakula cha mchana. Ukiwa na wageni wanne wa hivyo kila siku ya msimu, njia imepata kazi mpya.

Kingo za mfereji ni habari nyingine kabisa, na hapa mwenyekiti wako namuunga mkono bila kumung'unya maneno. Mifereji ya Wachagga mingi ni ya udongo, na ile njia nyembamba mnayoipenda kwa picha ndiyo ukingo wenyewe. Ukiinama uangalie kwa karibu utaona umeshikwa na majani, mizizi, na mawe machache yaliyopangwa kwa mkono. Tairi la baiskeli ya kilo 24 lenye mtu wa kilo 90 juu yake likikata pembe pale kwenye kona, nyasi zinang'oka, ukingo unashuka kiasi cha vidole viwili. Macho hayaoni kitu. Maji yanaona. Usiku yanapitia hapo, na asubuhi aliyekuwa na zamu ya maji kule chini anakuta mfereji umekauka, huku kihamba cha jirani kimegeuka bwawa. Na ugomvi wa zamu ya maji unaujua ulivyo. Hapo sitofautishi umeme na jasho: ukingo wa mfereji si njia ya baiskeli yoyote, na kama mmekuwa mkipita, muanze kushuka na kusukuma mkiwa upande wa nje.

Udongo, hata hivyo, si kinachonikosesha usingizi. Kinachonitia wasiwasi ni kukutana na watu kwenye kupanda.

Baiskeli ya kawaida kwenye mlima mkali inakwenda kilomita 6 au 7 kwa saa, kasi kidogo tu kuliko mtu wa miguu. Ya umeme inapanda palepale kwa 15 bila shida. Chukua kona ya kihamba yenye migomba pande zote, unaona mita 8 mbele. Kwa mwendo wa 7 una sekunde 4 za kuona, kufikiri na kushika breki. Kwa 15 una sekunde 2, na mama anayeshuka na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani anazipunguza hizo mbili kwa hatua zake. Yeye mzigo umemziba macho, hawezi kuruka pembeni, na kwa miaka yote amezoea kwamba hatari ya baiskeli inatoka juu, inateremka. Hajui kwamba sasa inaweza kutokea chini, tena kimya. Pikipiki angalau ingemwambia. Bosi anaona ukimya ni sifa, na kwa ndege wa msituni ni sifa kweli, lakini kwa mama yule ndio ubaya wenyewe.

Ndiyo maana nataka kengele kwenye kila baiskeli, igongwe kabla ya kona wala si ndani yake, na mota iwekwe kwenye msaada wa chini kabisa popote penye nyumba. Wageni wafundishwe kusimama, kuweka mguu chini na kusema "shikamoo" mpaka mwenye mzigo apite. Wewe uwe mbele kwa mwendo wako, asikupite mtu.

Kwenye kuteremka mambo yanageuka. Pale mota haina kazi, mlima ndio unaosukuma, na baiskeli zote mbili zinakimbilia mwendo uleule. Tatizo ni anayeteremka. Zamani mlima ulikuwa unachuja: aliyefika juu kwa miguu yake mara nyingi alikuwa ameshaendesha vya kutosha kujua kushika breki zote mbili, kurudisha makalio nyuma ya kiti, kuangalia mbele badala ya tairi. Sasa mgeni wa miaka 65 aliyeendesha mara ya mwisho kwenye lami anafika juu akiwa hata hajatoka jasho, kisha anatakiwa kuteremsha chombo chenye uzito wa karibu mara mbili ya alichokizoea. Nimefundisha waongoza wageni kwa muda mrefu, na nakuambia, anguko baya la baiskeli hizi litakukuta kwenye mteremko. Mpime mgeni uwanjani kwa kumteremsha mahali pafupi kabla hujamkubalia mlima. Akishindwa, wapande kwa njia ya vihamba na washuke kwa barabara ya gari.

Wanaosema wenye umeme ni wavivu, waache. Mtu mwenye goti bovu au moyo uliowahi kusumbua ana haki ya kuona kahawa ya Uru kama mwingine, na kwa baiskeli ya kukanyaga bado anatoa jasho lake. Jambo dogo bosi atalifurahia: betri za baiskeli hizi huwa na wati-saa 500 au zaidi, na ndege za abiria haziruhusu betri ya aina hii ikizidi 160. Mgeni hawezi kuja na yake, lazima akodi hapa. Maana yake nyie wenyewe mnaamua ni baiskeli gani zipite mlimani. Ukikataa ya resi, hakuna mgeni atakayekushukia nayo uwanja wa KIA.

Kuhusu hifadhi. Mipaka ya mlima ilibadilika mwaka 2005, msitu wa akiba ulipoingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Njia ambayo babu alipita kutafuta kuni leo inaweza kuwa chini ya KINAPA, wasimamizi wa hifadhi hiyo, hata kama hakuna geti wala kibao mahali hapo. Usivuke kwa sababu hujaona kibao. Baiskeli za mlimani hifadhini zina njia yake, ile ya Kilema inayopanda hadi Horombo, kwa kibali na ada. Usichukulie kwamba kibali cha baiskeli kinabeba pia baiskeli yenye mota. Andika barua, taja wati, taja kwamba haina resi, taja mwendo unaokatika, ambatisha picha, na subiri jibu la maandishi. Neno la mdomo la askari wa getini halitakusaidia siku mgeni akivunjika mguu.

Na wakikukubalia, kuna hatari ambayo umeme unaileta wenyewe. Mota haijali hewa nyepesi, haichomi hewa. Mapafu ya mgeni yanajali. Horombo iko mita 3,720. Mtu anayepanda kwa nguvu zake anacheleweshwa na uchovu, na kucheleweshwa huko kunampa mwili nafasi ya kuzoea. Mota inaweza kumfikisha huko mchana mmoja akiwa anacheka, na usiku akaumwa kichwa, akatapika, akayumba. Ushauri wa kawaida wa watabibu wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya kama mita 500 kwa siku. Mwenye umri mkubwa, mwenye presha au ugonjwa wa moyo amwone daktari kabla ya safari, ana kwa ana, wala si kwa kukujazia fomu. Akianza kuyumba au kuchanganyikiwa huko juu, anashushwa saa hiyohiyo, usingoje kuche.

Betri nitaigusa kwa ufupi. Kuinua mtu, baiskeli na begi vyenye jumla ya kilo 105 kwa mita 1,000 kwenda juu kunahitaji karibu wati-saa 290, bado hujahesabu joto linalopotea ndani ya mota. Kutoka mjini hadi ukingo wa msitu juu ya Kibosho ni kupanda kunakokaribia kiasi hicho. Betri ya 500 inatosha kwa mtu anayekanyaga kweli. Anayeachia mota ifanye kila kitu ataishiwa njiani, na utakuwa na kilo 24 za kusukuma. Betri iliyoanguka ikabonyea, iliyovimba, au iliyoingiwa maji usiichaji tena, na usiiweke ndani ya nyumba mnamolala. Hiyo si kazi ya fundi baiskeli wa stendi, hata awe hodari vipi kwenye gia na breki. Tafuta fundi aliyesomea betri za lithiamu, au irudishe kwa muuzaji.

Sasa ufanye nini wiki hii. Ipeleke moja ya kukanyaga kwa mwenyekiti, bila mgeni, na mwambie aite wazee wa mfereji na mmoja au wawili wa kina mama wanaopita njia hiyo kila siku. Waonyeshe inavyosimama usipokanyaga. Wape waipande wakitaka. Kisha mtembee njia nzima kwa miguu pamoja nao, wakuonyeshe pa kupita, pa kushuka na kusukuma, na pa kukwepa kabisa. Wakikataa kipande fulani, kimekataliwa, usiwatafutie hoja za Oregon. Omba mjaribu msimu mmoja wa kiangazi, na mkubaliane mapema kwamba kuanzia Machi hadi Mei njia za udongo zinafungwa kwa baiskeli zote, zikiwemo za hao wenzako wa Jumapili. Sehemu ya ada ya wageni iingie kwenye siku ya kukarabati njia, na nyie mshike majembe, msitume hela tu. Mkifika kwenye vipande vinavyomomonyoka, mwite mtu anayejua kuchepusha maji aje apaone kwa macho. Kwa picha za simu hata mimi siwezi kukuambia ni wapi pa kukata mtaro.

Zile mbili za resi, kama bosi hataki kuzirudisha, zina kazi tambarare. Wageni wanaokwenda chemchemi ya Chemka kwa baiskeli kupitia Boma Ng'ombe wanapita barabara ya magari yenye vumbi na jua kali, na pale mota itawafaa. Ila kwa wati 750 na resi mkononi, kabla mgeni hajapanda, nenda ofisi ya trafiki na kwa wakala wa bima uulize kama inahitaji namba, leseni na bima ya pikipiki, na jibu upewe likiwa limeandikwa.